Mama Funguo Hakusamehe

Kibanda chake na changu viligawana ukuta mmoja wa mabati. Upande wangu nilikuwa na mashine ya kutoa nakala na kompyuta ya kuchapia barua za watu. Upande wake kulikuwa na mashine ya kuchonga funguo, jiliwa la kubania vyuma lililokazwa kwenye meza, tupa za kila unene, na misumari mingi iliyoning'iniza funguo ambazo bado hazijachongwa meno. Soko zima lilimwita Mama Funguo. Mimi aliniita Karani, ingawa sijawahi kuwa karani wa mtu.

Ufundi wa kufuli aliurithi kwa baba yake, na hasira nayo aliirithi huko huko. Mteja mmoja aliwahi kumwambia kwamba mwanamke hawezi kuelewa kufuli. Miaka sita baadaye mteja yule yule alijifungia nje ya nyumba yake, mvua inamwagika, akaja mbio amelowa chapachapa. Mama Funguo alimtazama, akapuliza chai yake, akasema, "Mwanamke haelewi kufuli." Nilimsihi amwonee huruma. Hakuinuka. Yule bwana alikwenda kuvunja dirisha lake mwenyewe.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na safari moja ilimkolea: hakurudi. Alimwachia mambo mawili, wifi mwenye maneno mengi na mtoto wa kike wa miaka minne. Mtoto huyo nyumbani walimwita Nyuki, kwa kuwa alipokuwa mchanga alinyonya huku akivuma.

Nyuki alipofika miaka tisa alianza kupiga. Watoto wote hupigana, lakini huyu ilimjia kama chafya: sasa hivi anachora, mara macho yamebadilika, kiti kiko hewani. Aling'ata, alitupa, alipiga kichwa ukutani. Ikishapita alikaa sakafuni akilia na kuuliza, "Mama, nimekuumiza wapi?" Siku moja Mama Funguo alikuja kazini kiganja kimefungwa kitambaa, akaniambia jiliwa limembana. Ila najua jiliwa halina meno, na kwenye mkono juu ya kile kitambaa niliona alama za meno, za juu na za chini.

Shule ilimvumilia muhula mmoja, kisha mwalimu mkuu akaandika kwamba mtoto "arudishwe nyumbani kwa malezi". Majirani walikuwa na elimu yao. Mmoja alisema pepo, mwingine alisema fimbo. Yule wa mlango wa pili alimrushia methali, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mama Funguo akamjibu kwamba basi yeye alilelewa na kasuku.

Hospitali alikwenda, msidhani hakwenda. Daktari wa akili alifika mjini kwetu Alhamisi moja tu kila mwezi. Alhamisi ya kwanza daktari alikuwa likizo. Ya pili, aliyekaa mezani kwake alimtazama Nyuki kwa muda wa kupiga mhuri, akasema ni utundu, apunguziwe kudeka. Ya tatu foleni ilikatwa wakiwa wamebaki watu wawili mbele yao, na Nyuki, aliyekuwa ametulia tangu asubuhi kwa jitihada ambazo mama yake peke yake alizijua, akavunja kioo cha dirisha la dawa. Wakafukuzwa wote wawili.

Hapo ndipo wifi alipopata nafasi. Alikuja kibandani siku ya pili yake, akaketi kwenye kigoda cha wateja.

"Wifi, unakufa huku unajiona. Kuna kituo. Mwenyewe anaitwa Mlezi. Watoto wakorofi anawarudisha wamenyooka kama rula."

"Anawapa nini?"

"Sala, nidhamu, utulivu. Lakini siku arobaini za mwanzo huruhusiwi kumwona. Ukimwona mama, mtoto anarudi nyuma."

Mama Funguo alikataa. Wiki ile ile Nyuki, sasa wa miaka kumi na moja, alirusha pasi ya moto, ikampata mama yake begani. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mlezi mwenyewe alikuja kumchukua mtoto: shati jeupe, marashi, sauti laini kama ya mtu anayebembeleza paka. Fomu ilitolewa nakala kwenye mashine yangu, na kalamu aliyosainia Mama Funguo ilikuwa yangu. Nayasema haya ili mjue na mimi nimo.

Siku ya ishirini na mbili, asubuhi, mwanamke mmoja mwenye aproni alisimama mbele ya kibanda cha jirani yangu akihema. Alijitambulisha kuwa mpishi mahali fulani. Ufunguo umekatikia ndani ya kufuli, akasema, na bosi amesafiri.

"Ilete hapa," alisema Mama Funguo bila kuinua macho.

"Haiwezi kuja."

"Iko mlangoni?"

Mpishi alitazama huku na huku. "Iko mguuni, dada. Iko mguuni mwa mtoto, na mguu umevimba."

Nilisikia tupa ikianguka. Mama Funguo aliuliza jambo moja tu, jina la mahali penyewe, na alipojibiwa alifunga mkoba wa vifaa pole pole, kifaa kimoja kimoja. Mpishi hakujua kabisa anamwita nani.

Yaliyobaki alinisimulia mwenyewe. Nyuma ya kile kituo, kupita bustani yenye maua yaliyopangwa vizuri, palikuwa na chumba kirefu chenye madirisha ya juu. Watoto kumi na mmoja walikaa kwenye mikeka, kila mmoja amefungwa mnyororo mfupi kwenye bomba lililopita ukutani. Wengine walikuwa wakijitikisa, mmoja anacheka peke yake, wengi wamelala mchana kweupe. Kufuli zilikuwa ndogo, za shaba. Alipiga magoti kwa yule mwenye mguu uliovimba, akaigeuza kufuli, na chini yake akaona vidoa vitatu.

Vidoa vile huvipiga yeye kwa msumari wa chuma kwenye kila kufuli anayouza, ili mteja akirudi kulalamika ajue ni mali yake. Miezi minane nyuma mtu mwenye marashi, mteja wa mara moja ambaye sura yake ilikuwa imemtoka, alinunua kwake dazeni nzima. Alimuuliza za nini, akajibiwa, "Za kabati za watoto."

"Kwa kufuli zangu, Karani," aliniambia. "Alimfunga mwanangu kwa kufuli zangu."

Alizifungua zote kumi na moja. Nyuki alikuwa wa mwisho ukutani, midomo imepasuka, nywele zimenyolewa. Mnyororo ulipoanguka hakumkumbatia mama yake. Alimrukia, akamng'ata bega, lile lile lililoungua, na hakuachia. Mama Funguo alisimama hivyo hivyo, akambeba mtoto wa miaka kumi na moja akiwa ameng'atwa, akatoka naye kupita yale maua. Mpishi alikuwa akilia mlangoni. "Nitafukuzwa," alisema. Mama Funguo alimjibu, "Ukifukuzwa, njoo." Mkononi alikuwa na mnyororo mmoja na kufuli yake.

Polisi waliandika maelezo, wakasema mambo ya vituo vya watoto ni ya ofisi ya ustawi wa jamii. Ustawi walipokea barua, niliyoichapa mimi, wakaigonga mhuri wa kupokelewa. Wiki mbili zikapita. Mpishi, ambaye kweli alifukuzwa, akatuletea habari kwamba Mlezi amerudi safari, amenunua kufuli nyingine mji wa jirani, na wale kumi wamerudishwa kwenye bomba.

Nimeona watu wenye hasira. Hasira ya kelele naijua, huisha kama gazeti la jana. Ya Mama Funguo haikuwa na kelele. Alichonga funguo za wateja, alirudisha chenji, alisema karibu tena, na macho yake hayakuwa hapo. Siku moja alikuja upande wangu, akafungua kiganja. Palikuwa na ufunguo mpya kabisa.

"Wa nini?"

"Wa nyumba ya Mlezi. Kitasa cha mlango wake wa mbele nilikitia mimi mwaka juzi, kabla yeye hajahamia, namba ninayo. Mchana hulala, mpishi kaniambia. Nitaingia, nitamfunga mguu kitandani, nitatoka nifunge na mlango. Apige kelele. Wakija watu, watamtafuta fundi. Na mimi fundi nitasema mwanamke haelewi kufuli."

Nakiri niliipenda picha ile. Niliiona kabisa, na marashi yake yote. Lakini nikamuuliza, "Wakikuweka ndani, Nyuki atapewa dawa na nani? Na wifi yako?"

Alikifumba kiganja. Kisha akarudi kwake, akaubana ule ufunguo kwenye jiliwa, akaupitisha tupa mpaka ukawa unga wa manjano mezani. "Haya," alisema akipuliza unga. "Nitamfunga kwa sheria. Inakwenda kama konokono, lakini hakuna tupa ya kuikata."

Kuhusu dawa, ngoja niseme zilivyopatikana, maana huo ndio mlango uliofunguka bila yeye kuutafuta. Jioni ile ile alipomtoa Nyuki alimpeleka hospitali kusafishwa vidonda vya mguu. Aliyemfunga bandeji alikwenda kumwita muuguzi wa kitengo cha akili, mwanaume mnene, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi. Wagonjwa walimwita Baba Pole. Nyuki alimtemea mate. Akajifuta, akavuta kiti, akakaa mbali kidogo, ubavu ubavu, asimkabili. Halafu akamuuliza mama swali ambalo tangu mwanzo hakuna aliyewahi kuuliza.

"Kabla hajapiga, huwa kuna nini?"

Mama Funguo hakujua. Alijua yote yanayotokea baadaye, damu, vioo, machozi. Ya kabla hakuwahi kuyatazama.

"Mama, huyu si mbaya," alisema Baba Pole. "Ni mgonjwa, na ugonjwa wake una mikono. Sitakudanganya kwamba atapona kesho kutwa. Lakini kuna dawa, kuna mazoezi, na kuna wewe. Andika kila siku. Kalala saa ngapi, kala nini, nani kapiga kelele, kisha nini kikatokea."

Mama Funguo akaandika kwenye daftari la kurasa themanini. Baada ya wiki tatu Baba Pole alilisoma kama mtu anayesoma ramani. Asipolala vizuri, Nyuki hupiga. Watu wawili wakimsemesha kwa pamoja, hupiga. Kabla ya kupiga huanza kusugua masikio, na hapo kuna kama dakika mbili za kumwokoa. Daktari wa Alhamisi, safari hii si yule wa mhuri, alimwandikia dawa. Ya kwanza ilimlaza kama gunia, ikabadilishwa. Ya pili ilimpa hamu ya kula mpaka akamaliza sufuria. Ila usingizi ulirudi. Nyumbani vyenye ncha vilihamia kabatini, mama alijifunza kurudi hatua mbili badala ya kumkumbatia kwa nguvu, na pembe moja ya chumba ikawekwa godoro ambalo Nyuki aliruhusiwa kulipiga hadi achoke. Godoro lilikoma, maskini.

Lakini moyoni mwa mama mtu hakuna kilicholala. Barua ya pili ilipigwa mhuri, na ya tatu. Ofisa wa ustawi, bwana mmoja mwenye tai fupi, alikuwa akisema, "Suala lenu liko mezani." Mama Funguo aligundua ni meza ipi: picha ya ukutani ilimwonyesha ofisa huyo na Mlezi wakikata utepe.

Jumatatu moja, Nyuki akiwa kitengoni kwa Baba Pole, tarishi wa ustawi alifika sokoni jasho linamtoka. Akakuta kibanda cha jirani kimefungwa.

"Fundi wa kufuli yuko wapi?" akaniuliza.

"Kwani kuna nini?"

"Kuna mama kajifunga mnyororo ofisini. Watu hawapiti. Bosi anataka fundi sasa hivi."

"Huyo mama mwembamba, ana kovu kiganjani?"

"Huyo huyo."

"Basi fundi mnaye huko huko," nikamwambia, nikafunga kibanda changu nikamfuata. Kwa jambo hilo ningefunga hata kama ningekuwa na foleni ya mawaziri.

Nilimkuta ameketi sakafuni, mguu umefungwa kwenye nondo za dirisha la mapokezi, kwa ule mnyororo alioutoa kituoni. Amevaa gauni la kutokea. Watu waliokuja kwa shida zao walikuwa wamejaa ukumbini, hakuna aliyetaka kuondoka. Ofisa alikuwa amesimama juu yake, tai imepinda.

"Mama, nakuomba ufungue."

"Sina ufunguo."

"Uko wapi?"

"Kwa Mlezi. Kufuli ni yake, mnyororo ni wake, alimfungia mwanangu wa miaka kumi na moja. Twende wote tukauchukue."

"Huu ni utovu wa adabu! Nitaita polisi!"

"Waite. Nao waje na wao wauone. Mie nimekaa saa tatu hapa, mguu umeshaanza kufa ganzi. Mwanangu alikaa siku ishirini na mbili. Nina muda."

Bibi mmoja kwenye foleni alisema kwa sauti, "Na sisi tuna muda." Kijana mmoja alikuwa ameshatoa simu, anapiga picha. Ofisa aliiona ile simu, nami nikaona rangi ikimtoka usoni. Mama Funguo naye aliona. Alitabasamu, tabasamu ambalo sitaki kamwe nielekezewe mimi.

Polisi walikuja. Mkubwa wao, mwanamke wa makamo, aliinama akaitazama kufuli, akaitazama picha ya utepe ukutani, akasoma karatasi ambayo Baba Pole alikuwa ameandika vidonda vya Nyuki, niliyokuwa nimeitoa nakala tano. Akauliza, "Hicho kituo ni mbali?" Wakaondoka na gari mbili, ofisa kakalishwa katikati. Mlezi walimkuta anakunywa juisi bustanini. Watoto kumi walikuwa kwenye bomba.

Mnyororo ulikuja kukatwa na msumeno wa fundi bomba wa hospitali, kwa sababu Mama Funguo alikataa katakata kuifungua kufuli. "Ufunguo ni ushahidi," alisema, na kweli waliupata kwenye shada la funguo za Mlezi na kuupeleka mahakamani.

Kesi ilichukua mwaka na ushei. Hakukosa siku hata moja. Aliketi benchi la mbele, upande ambao Mlezi akigeuka lazima amwone. Mpishi alitoa ushahidi, wazazi wengine wanne walitoa, na mmoja, sitamtaja, alisimama kumtetea Mlezi kwa machozi. Kabla ya hukumu wifi alikuja nyumbani na watu wazima watatu wa ukoo, wakakaa, wakakohoa.

"Wifi, tuyamalize kifamilia," alisema. "Mlezi amekubali kuomba radhi. Msamaha ni jambo kubwa."

"Ni kubwa mno," alisema Mama Funguo. "Ndiyo maana ni la Mungu. Mimi ni fundi tu."

"Utazeeka na kisasi moyoni?"

"Nitazeeka nacho. Kitanisaidia kupanda ngazi."

Mlezi alipata miaka mitatu, ofisa alihamishwa mbali. Mama Funguo alitaka kumi na moja, mmoja kwa kila mtoto. Aliniambia kwamba siku ya hukumu alitegemea kusikia raha, na alisikia, ila ilikuwa ndogo, kama kunywa maji kwenye kifuniko cha chupa. Alirudi nyumbani akakuta Nyuki amevunja sahani mbili. Akafagia. Hukumu haifagii.

Na Nyuki? Sasa ana miaka kumi na mitatu. Hupiga bado, lakini mara moja kwa mwezi, mara mbili ikiwa mbaya. Anasoma asubuhi katika darasa dogo la watoto saba lililoko nyuma ya hospitali. Akianza kusugua masikio husema mwenyewe, "Inakuja," na kwenda kwenye godoro. Kuna wiki tunasahau. Kuna wiki mama yake anakuja kazini na jicho jekundu, na safari hizi hasemi ni jiliwa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwao, nimepeleka nakala za kadi ya kliniki. Saa nne asubuhi, wifi akabisha hodi. Alikuwa hajakanyaga pale tangu hukumu. Ameshika mfuko wa machungwa. Nyuki ndiye aliyefungua. Mama yake alikuwa anamenya viazi, hakuinuka.

"Mwanangu umekua!" alisema wifi. "Shangazi yako nimekukumbuka."

Nyuki alimtazama. "Shangazi, ni wewe uliyesema nipelekwe kule?"

Wifi akamtupia macho Mama Funguo, akitafuta msaada. Kiazi kiliendelea kumenywa.

"Ndiyo, mwanangu, lakini mimi nilidhani..."

"Ulikuja kuniona?"

"Walisema hairuhusiwi."

Nilitazama mikono ya Nyuki. Mama yake naye, najua, aliitazama, ingawa hakuinua kichwa. Mikono haikwenda masikioni. Ilikwenda kwenye mfuko, ikaupokea yote miwili, kama alivyofundishwa kupokea kitu cha mkubwa.

"Asante, shangazi," alisema. Kisha akausukuma mlango, pole pole, kwa adabu zote, mpaka ukafunga. Wifi alibaki nje.

Mabega ya Mama Funguo yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka kisu kikamwanguka. Nyuki akageuka kwa wasiwasi.

"Mama, nimefanya vibaya?"

"Hata kidogo, mama," alisema akijifuta macho kwa kanga. "Menya chungwa. Mpe na Karani moja."